Kwilti ya Kushonwa kwa Mkono kwa Bei Unayoimudu, Kuanzia Kisumu Hadi Nakuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashona kwilti hapa Kisumu, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wateja, majirani na wenzangu wa chama. Nimeyajibu kwa ajili ya mtu ambaye pesa zake ni za kuhesabu lakini hataki kitu cha kupasuka baada ya kufuliwa mara tatu. Kwilti nzuri kwa bei ya chini inapatikana. Bei hiyo hushuka kwa kubadilisha vitambaa, muundo au ukubwa. Ikishuka kwa kuminya mshono, umenunua hasara.

Kwilti ni nini hasa? Si ni blanketi tu?

Kwilti ina tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao mara nyingi ni viraka vilivyounganishwa. Katikati kuna ujazo wa kuleta joto. Chini kuna bitana. Kinachoifanya iwe kwilti ni mishono inayopita tabaka zote tatu na kuzishikilia pamoja. Bila mishono hiyo una foronya kubwa iliyojazwa pamba, na baada ya miezi michache ujazo utakuwa umejikusanya pembeni.

Ya mkono maana yake haikupita kwenye cherehani?

Si lazima. Mafundi wengi wa huku huunganisha viraka kwa cherehani ya kukanyaga, kisha hupiga mishono ya kushikilia tabaka kwa sindano ya mkono. Wengine hufanya kazi yote kwa cherehani. Zote ni kazi za mikono ya mtu, na iliyoshonwa kwa cherehani vizuri hudumu sana. Uliza tu mapema, kwa sababu ile iliyopigwa sindano mwanzo hadi mwisho ina siku nyingi zaidi ndani yake na lazima bei iwe tofauti.

Nitajuaje kama viraka ni vya kweli?

Pitisha kidole juu ya mpaka wa rangi mbili. Kama pana mshono, kidole kitagusa tuta dogo. Kama hakigusi kitu, viraka vimechapwa tu juu ya kitambaa kimoja kizima, na hiyo imetoka kiwandani. Kisha tazama mishono ya kushikilia. Ziko bidhaa za viwandani ambazo hazina uzi kabisa: tabaka za poliesta zimeunganishwa kwa kuyeyushwa, na badala ya mshono unaona nukta nukta zilizobonyea. Nukta hizo zikianza kuachia, hakuna uzi wa kukaza.

Mbona ni ghali kuliko blanketi la dukani?

Tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo itakayokusaidia kuzungumza na fundi bila kumwumiza wala kuumizwa.

Chukua kitanda cha futi 4 kwa 6. Kwilti ya kukitosha na kuning'inia kidogo pembeni ni futi 6 kwa 7, yaani inchi 72 kwa 84. Kwa viraka vya inchi 6 unahitaji safu 14, kila safu viraka 12. Hivyo ni viraka 168. Kila kimoja hukatwa inchi 6 na nusu, ili robo inchi kila upande iingie kwenye mshono. Ukijumlisha mishono ya kuviunganisha unapata inchi 1,860, karibu mita 47. Huo ni uso peke yake. Mishono ya kushikilia tabaka ikifuata mistari ileile, ni mita 47 nyingine, na hiyo ndiyo inayopigwa kwa mkono. Mkono mzuri hutoa mishono minane kwa inchi. Fundi wako atakuwa amechoma sindano karibu mara 15,000 kabla hajafika kwenye pindo.

Upande wa vitambaa, uso wa ukubwa huo unakula yadi tano na kidogo za kitenge cha upana wa inchi 45, na bitana inakula kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukikuta kwilti ya namna hiyo inauzwa kwa bei inayolingana na ya vitambaa tu, kuna mtu hakulipwa au kuna kazi haikufanywa. Geuza nyuma utaona ni ipi.

Basi nipunguze bei wapi?

Hapa ndipo wateja wengi wanapokosea njia. Wanachagua muundo mgumu wa nyota na pembetatu walioona kwenye simu, kisha wanaanza kukata bei ya mkono. Anza kwenye muundo. Ukitoka kwenye viraka vya inchi 6 ukaenda kwenye vya inchi 12, kwilti ileile inabaki na viraka 42, na mishono ya kuunganisha inashuka hadi inchi 852, chini ya nusu. Kitenge chenye maua makubwa kinapendeza zaidi hivyo kuliko kukatwakatwa. Ila mishono ya kushikilia isiachwe mbali kwa sababu viraka vimekuwa vikubwa. Mwambie fundi apitishe mstari katikati ya kila kiraka pia.

Njia ya pili ni kuleta vitambaa mwenyewe. Mafundi wa nguo za kitenge hubaki na vipande vingi, na wengine huviweka kwenye magunia nyuma ya meza. Ukimwendea kwa heshima, ukamwambia, "Fundi, naomba uniwekee mabaki ya pamba tupu, nitapita Ijumaa," atakuuzia kwa bei ndogo au atakupa. Chagua vipande vinavyotosha kiganja kwenda juu. Vyembamba kuliko vidole vitatu vinampotezea mshonaji muda kuliko vinavyokuokolea pesa.

Ya tatu ni kufunga badala ya kushona. Fundi huchukua uzi mnene, hupitisha tabaka zote na kufunga fundo imara kila baada ya nafasi ya kiganja. Kazi ya miezi inakuwa ya siku chache. Haina urembo wa mishono mirefu lakini ni kwilti halali, na ukipata ujazo wa poliesta ulioshikana vizuri itadumu. Kwa mwanafunzi anayekwenda bweni, mimi hushauri hii kabla ya nyingine yoyote.

Halafu kuna kusema bajeti yako waziwazi. "Mama, nina kiasi hiki. Kwa pesa hizi unaweza kunishonea ya namna gani?" Swali hilo linampa nafasi ya kupunguza kazi. Ukimwambia tu "punguza, punguza", atapunguza mahali usipoona.

Nitafute wapi?

Kisumu, anzia soko la Kibuye, hasa Jumapili, siku linapofurika. Usitarajie kuona kwilti zimepangwa kama mashuka. Unachotafuta ni washonaji. Zungumza na wanaoshona mito, mapazia na vitambaa vya makochi, maana wao wamezoea vipande vikubwa, na ukiwaonyesha picha watakuambia mara moja kama wanaweza au wanamjua anayeweza. Ukiwa hukohuko, pita kwenye mitumba ya mashuka: shuka la pamba lisilo na doa hufanya bitana nzuri kwa pesa kidogo, na upana wake unakuepusha na mshono wa katikati.

Vikundi vya akina mama vya makanisani ni hazina ambayo watu huipita. Wengi walijifunza kushona pamoja, na hukaguana kazi wao kwa wao. Ni hivyohivyo ukienda Vihiga, Kakamega au Bungoma. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ushonaji navyo hupokea kazi za nje, na bei huwa ya chini kwa kuwa wanafunzi ndio wanaoshona. Hakikisha tu kuwa mwalimu ndiye anayekabidhi kazi.

Kama unataka vitenge vingi vya rangi tofauti, Busia mpakani kuna uteuzi mpana. Nakuru, tembea kwa mafundi wa mitaani kabla ya maduka ya zawadi yanayolenga wageni, ambako unalipia pia kodi ya mahali.

Nikiishika mkononi, nikague nini?

Geuza nyuma kwanza. Uso hushonwa ili uvutie, na nyuma ndiko kazi inakojieleza. Mishono iwe na urefu unaofanana upande wa nyuma kama ulivyo mbele. Ikiwa mbele ni midogo na nyuma mingine imeruka, sindano haikupita tabaka zote. Mafundo yasionekane, kwani mshonaji makini huyavuta yakajificha ndani ya ujazo. Bitana isiwe na mikunjo iliyoshonewa humo humo. Mikunjo hiyo ni dalili kwamba tabaka hazikupigwa bandi vizuri, yaani kushikizwa kwa mishono mipana ya muda, kabla ya kushonwa.

Weka kiganja chako kilichonyooshwa popote juu ya kwilti. Kiguse angalau mstari mmoja wa mshono. Kisipogusa, ujazo wa hapo utatembea, hasa ukiwa wa pamba isiyoshikizwa.

Shika viraka viwili vilivyounganishwa, uvute taratibu kwa mikono miwili. Ukiona mwanga au uzi unachungulia, mishono ni mipana mno au uzi ni dhaifu. Omba ushonewe upya au uache.

Kisha itandaze chini, mahali pasafi. Kingo zilale, zisiwe na mawimbi. Pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha pima zile kona mbili nyingine: vipimo vikitofautiana sana, kwilti imekwenda upande na haitakaa sawa kitandani. Malizia kwenye pindo, kwa sababu ndilo huisha kwanza. Lililo imara ni ukanda wa pekee uliokunjwa mara mbili, wenye kona zilizokunjwa na kushonwa zikafungika. Wengine hukunja bitana kuja mbele ikawa ndiyo pindo. Inakubalika na inapunguza bei, lakini ikichakaa ni vigumu kidogo kuibadilisha.

Muuzaji anasema ni pamba tupu. Nitathibitishaje?

Mwombe nyuzi mbili tatu za ukingo wa kitambaa hicho. Zishike kwa koleo dogo, ukiwa mbali na nguo, uzichome juu ya sahani ya bati. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi na huacha majivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kipande kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko hufanya yote mawili.

Poliesta si sumu, na bitana yake inaweza kuvumilika. Shida ni kuchanganya. Pamba hupungua inapofuliwa mara ya kwanza na poliesta haipungui, kwa hiyo viraka vya aina mbili kwenye uso mmoja huvutana na kuacha mikunjo. Vitenge vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Kufua huondoa wanga pia, na sindano inapita kwa urahisi.

Ujazo upi unafaa Kisumu, na upi Nakuru?

Kisumu mjini tuko kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na usiku mwingi ni wa joto. Hapa shuka kuukuu la pamba linatosha kuwa ujazo, au hata ukose ujazo kabisa, uso na bitana tu vilivyoshonwa pamoja. Nakuru ni karibu mita 1,850, na usiku wa Julai unajua kuuma, kwa hiyo weka ujazo wa pamba au blanketi jembamba la flisi. Molo, Kericho na Eldoret, tumia ujazo mnene wa poliesta kutoka maduka ya vifaa vya makochi, au sufu ukiipata.

Blanketi jembamba lililotumika ni ujazo mzuri wa bei nafuu popote. Lifue kwanza, likague mashimo. Ujazo mnene sana humshinda mshonaji wa sindano, na hapo cherehani au mafundo ndiyo njia.

Nichukue ukubwa gani?

Pima kitanda na unene wa godoro. Ongeza futi moja kila upande unaotaka ining'inie, na inchi tatu au nne kwa ajili ya kupungua ikifuliwa kama vitambaa havikufuliwa kabla.

Kama mnalala ndani ya neti, na huku kwetu tunalala ndani ya neti, usiagize kwilti pana. Inayoning'inia sana huvuta neti ukijigeuza, ukingo wake unatoka chini ya godoro na mbu wanapata mlango. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6 chenye neti, kwilti ya futi 5 kwa 6 inafaa, na utalipia kitambaa kidogo zaidi.

Nguo kuukuu zinaweza kuwa kwilti?

Zinaweza, na sitaki mtu aone haya. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, walishona kwilti kwa nguo za shamba zilizochakaa, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York. Leo watu huzitazama kama michoro.

Walio karibu zaidi nasi ni Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Kwilti yao huitwa kawandi. Nawataja kwa sababu mbinu yao inafaa kwa mwenye bajeti ndogo. Hutandaza bitana, wakaanza pembeni, wakaweka kipande cha nguo kuukuu, wakakunja ukingo wake na kukishona kwa sindano moja kwa moja mpaka chini. Kisha kingine, na kingine, wakizunguka kuelekea katikati. Mshono mmoja unaunganisha kiraka na kushikilia tabaka wakati huohuo, na cherehani haihitajiki. Mwonyeshe fundi wako picha ya kawandi, kisha sikiliza bei atakayokupa.

Ukileta nguo za nyumbani, kata sehemu zilizochoka: magoti, makwapa, shingo. Jinzi zikae na jinzi. Ukizishona na khanga laini, jinzi itaichana.

Tulipane vipi?

Lipa kwanza pesa za vitambaa na ujazo, halafu sehemu ya kazi uso ukikamilika, na salio siku ya kuichukua. Pesa zote usilipe mwanzoni, na pia usimwombe fundi anunue vitambaa kwa mtaji wake. Mkubaliane kwa ujumbe wa simu: ukubwa, vitambaa, ujazo, nafasi kati ya mishono, tarehe. Malipo ya M-Pesa yanaacha kumbukumbu. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha.

Kama hujawahi kufanya kazi na fundi huyo, agiza foronya moja ya viraka kwanza. Itakuonyesha mkono wake kwa gharama ndogo.

Inachukua muda gani?

Ya mafundo, siku chache. Ya cherehani, wiki moja au mbili kutegemea foleni ya fundi. Ya sindano, hesabu miezi. Epuka Desemba na wiki za kufungua shule, mafundi wote wamezama kwenye sare.

Naweza kumwekea mtoto mchanga?

Mtoto chini ya mwaka mmoja asilale na kwilti wala blanketi lililolegea, kwa sababu linaweza kumfunika pua. Itandike sakafuni achezee juu yake ukiwa unamwangalia.

Nitaifuaje?

Kabla ya kufua, sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kila rangi nzito, hasa nyekundu na buluu. Kikichukua rangi, fua kwa maji baridi mengi, peke yake, na usiiache imeloweka. Chumvi na siki ambazo wengi hutia hazifungi rangi za vitambaa vya siku hizi. Kuosha haraka na kusuuza vizuri ndiko kunakosaidia.

Tumia beseni kubwa na sabuni laini. Ikanyage kwa miguu safi au ibonyeze, usiikamue kwa kuisokota, kwani mishono hukatika hapo. Ikiwa nzito kwa maji, inueni wawili. Ianike juu ya kamba mbili au tatu ili uzito ugawanyike, bitana ikitazama jua. Jua letu linachujua rangi upesi. Ihifadhi ikiwa imekauka kabisa, ndani ya foronya ya pamba.

Imechanika. Niitupe?

Usiitupe. Kiraka kilichochanika hakihitaji kufumuliwa. Kata kingine kikubwa kuliko hicho kwa robo inchi kila upande, kunja kingo ndani, kiweke juu na ukishone pembeni kwa mishono midogo, kisha rudishia mstari wa kushikilia tabaka uliokuwa ukipita hapo. Pindo likiisha, fundi atalibandua na kuweka jipya kwa saa chache. Ndiyo maana siku ya kuchukua kwilti mpya huwa nawaambia wateja waombe mabaki ya vitambaa vyao. Yafue pamoja na kwilti, yachujuke nayo, na siku ya kutia kiraka rangi zitakuwa zinalingana.